Kadi ya Dakika ya Sabini na Moja

Filimbi ya mwisho ilipolia, mimi sikuruka. Benchi zima liliruka. Daktari wa timu alimwaga ndoo ya maji ya barafu kwenye viatu vyake mwenyewe, na mtunza jezi akapiga magoti kwenye nyasi kama mtu anayetafuta sindano. Mimi nilikaa. Tulihitaji sare tu ili tusishuke daraja, na tulikuwa tumeshinda goli moja kwa bila. Nikaandika matokeo kwenye daftari langu, nikatia tarehe, nikapiga mstari chini yake kwa rula, maana mstari wa mkono mtupu siupendi. Ndipo nikashusha pumzi.

Raha hiyo ilidumu dakika kumi na mbili.

Tulikuwa chumba cha kubadilishia nguo. Beki wetu wa kushoto alikuwa amepanda juu ya benchi akiimba na taulo kichwani. Tunamwita Kinyozi kwa sababu ndiye anayetunyoa sote, kuanzia golikipa mpaka mimi. Mlango ukafunguliwa bila hodi, akaingia katibu wa timu tuliyotoka kuifunga, mtu mwembamba mwenye faili kwapani. Kwa ushindi wetu, wao ndio waliokuwa wameshuka.

"Hongereni," akasema. "Imbeni sana leo, maana Jumatatu mtarudisha."

"Turudishe nini?" akauliza Mwashi, beki wetu wa kati, mrefu kama ngazi. Huyo jina alilipata kwa kujijengea nyumba tofali kwa tofali kila Jumapili. "Mpira wenu tumeuacha uwanjani. Nendeni mkauchukue wavuni."

Wachezaji wakacheka. Katibu hakucheka.

"Mtarudisha pointi. Huyo namba tatu wenu anayeimba ana kadi tatu za njano, na hajakaa nje hata mechi moja. Leo hakupaswa kuvaa jezi. Tumeshapeleka malalamiko."

Kinyozi akashuka kwenye benchi polepole.

"Ana mbili," nikasema. "Nimeandika."

"Wewe umeandika, kocha. Ofisi ya ligi nayo imeandika. Waliwaletea barua Jumanne. Hamkuipata?"

Mkono wangu ulikuwa umeshaingia kwenye mfuko wa ndani wa koti, upande wa moyo, na vidole vimeigusa bahasha. Ilikuwa palepale nilipoiweka siku nne zilizopita. Haikuwa imefunguliwa.

Kwa msomaji asiyefuata mpira, nieleze kidogo. Katika ligi yetu, mchezaji akikusanya kadi tatu za njano lazima akose mechi inayofuata. Ukimchezesha kabla hajakaa nje, hata ukishinda magoli kumi, pointi zinakwenda kwa wapinzani. Sisi tukipoteza pointi hizo tunashuka, na timu ikishuka watu wanatawanyika. Kama Kinyozi kweli alikuwa na tatu, basi ni mimi niliyewashusha, nikiwa na onyo mfukoni, limebandikwa gundi.

Sasa nieleze kwa nini jambo hili liliniuma kuliko ambavyo lingemuuma kocha mwingine.

Nilicheza mpira wa kulipwa miaka kumi na minne. Waliniita Komeo, kwa kuwa mshambuliaji aliyefika kwangu alikuta mlango umefungwa. Sijisifu, waulizeni waliobaki hai. Lakini shule niliiacha mapema, na kusoma sikujua. Wakinipa mkataba niliuinamia, nikatikisa kichwa taratibu kama mtu aliyefika kwenye kipengele kigumu, kisha nikaweka alama yangu. Goti liliponikatisha mpira, klabu ikanifanya kocha msaidizi. Siku yangu ya kwanza kocha mkuu akanipa kalamu na karatasi ya orodha ya wachezaji, ile anayopewa refa kabla ya mechi, akasema, "Jaza, mimi naenda kuongea na vijana." Nikachukua orodha ya wiki iliyopita nikaichora vilevile, umbo kwa umbo. Hivyo ndivyo siku ile timu yetu ilivyomsajili kwenye mechi winga aliyekuwa amelazwa hospitali, mguu umefungwa plasta na kuning'inizwa. Refa aliita jina lake mara tatu. Watu walicheka mpaka wakashika matumbo, na mimi nikacheka nao ili wasijue.

Wiki iliyofuata nikajiandikisha madarasa ya jioni. Nilikuwa na miaka thelathini na minane, nimekalishwa kwenye kidawati cha watoto, magoti yamefika kidevuni. Nilisoma miaka sita. Tangu hapo orodha zote nazijaza kwa mkono wangu, na kila mechi ninaandika daftarini: nani kaingia, nani katoka, nani kapewa kadi, dakika ya ngapi, kwa kosa gani. Madaftari hayo yanajaza kabati zima. Mke wangu anasema siku nikifa atayauza kwa wafunga karanga.

Mwanamume wa namna hiyo ndiye aliyekaa na barua siku tano bila kuifungua.

Sababu zilikuwa mbili. Ya kwanza naisema kwa urahisi: nilidhani najua kilichomo. Mwashi alikuwa amepata kadi yake ya tatu katika ile mechi ya mvua, mechi mbili kabla ya hii ya mwisho. Ofisi ya ligi haikutuandikia neno. Lakini daftari langu lilisema tatu, kwa hiyo mechi iliyofuata nikamweka Mwashi jukwaani na shati lake la nyumbani. Tukafungwa mbili kwa bila. Mwenyekiti wa klabu, ambaye ni muuza saruji na husema na watu wote kana kwamba wako juu ya lori, aliniambia mbele ya wachezaji, "Umemfungia mtu ambaye ligi haijamfungia! Wewe ni kocha wetu au polisi wao?" Hivyo Jumanne barua ilipofika, nikajiambia: haya, ndiyo hiyo ya Mwashi, imekuja kwa miguu. Ameshakaa nje. Haina kazi.

Sababu ya pili ilikuwa macho. Kwa miaka miwili herufi zilikuwa zimegeuka sisimizi. Karani wa klabu, binti mmoja mpole mwenye miwani, ndiye aliyeipokea ile barua na kutia sahihi kitabu cha tarishi. Aliponiletea aliuliza, "Kocha, nikusomee?"

Nikamwambia, "Binti yangu, mimi elimu ya kusoma niliinunua ukubwani kwa jasho langu. Sisomewi."

Nikaitia kotini. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Sikujua walikuwa wanazungumzia koti langu.

Jumapili asubuhi mke wangu alinikuta sebuleni nimekaa wima kwenye kiti, koti mwilini. Yeye ni mkunga mstaafu. Hana maneno mengi, ila machache aliyonayo hayazunguki.

"Koti ndani ya nyumba," akasema. "Unangoja kuingizwa dakika za mwisho?"

Nikaitoa bahasha nikaiweka mezani kati yetu. Nikamweleza. Alisikiliza huku akifuta mikono kwa kitambaa cha jikoni, akaitazama bahasha, akanitazama mimi.

"Basi fungua."

"Fungua wewe."

"Kwani imeandikwa jina langu?"

"Mama watoto, tafadhali."

Nadhani ni hilo neno tafadhali lililomshtua. Akachomoa pini ya nywele, akaipasua bahasha kwa mstari mmoja, akaisogeza barua dirishani akasoma kwa sauti. Kwamba mchezaji wetu, jezi namba tatu, amefikisha kadi tatu za njano. Kwamba ya tatu aliipata katika mechi ya tarehe fulani. Ilikuwa ile ya mvua. Kwamba anapaswa kukaa nje mechi moja.

Ilikuwa kweli basi.

"Rudia ile ya tatu," nikasema.

"'Dakika ya sabini na moja, kwa kumkwatua mpinzani kwa nyuma.'"

"Dakika ya ngapi?"

"Sabini na moja. Masikio nayo yanakwenda?"

Nikanyanyuka kulitafuta daftari. Nilifunua kurasa mpaka nikafika ya mechi ya mvua. Niliijua kwa madoa ya matone. Nikamsukumia mke wangu. Mwandiko wangu yeye anausoma bila taabu, kwani ndiye aliyekuwa akinisahihishia kazi za nyumbani.

Akasoma: "'Dakika hamsini na nane, Kinyozi ametoka, msuli. Dakika sitini na nne, Mwashi kapasuka kichwa, damu, jezi haifai, kavaa ya Kinyozi. Dakika sabini na moja, Mwashi kadi, kakwatua mtu, ya tatu hii, mpumbavu.'" Akainua macho. "Mpumbavu nayo ni ya kumbukumbu?"

Lakini mimi nilikuwa nimeshaiona siku ile yote. Mvua ya mawe. Mwashi na bendeji, damu imemshuka mpaka kifuani. Jezi za akiba zilikuwa hazijakauka, mtunza jezi aliziacha kwenye kamba. Refa wa akiba, yule anayesimama pembeni na kibao cha mabadiliko, akasema avae yoyote isiyo na damu, mradi ni ya timu yake. Kinyozi, aliyekuwa amekwisha kutoka, akavua yake akampa. Ilimfika Mwashi kitovuni. Refa wa katikati naye, alipotoa kadi kwenye mvua ile, aliandika alichokiona mgongoni: namba tatu.

"Basi si umeshinda?" akasema mke wangu.

"Daftari ni langu. Nani atasikiliza daftari la mshitakiwa?"

Kabla hajajibu, honi ikalia nje. Mwenyekiti wetu, muuza saruji, aliingia na vumbi lake, akakataa kukaa.

"Nimeshapanga," akasema. "Kesho kamati ikiuliza, tunasema barua haikufika. Hakuna barua, hakuna kosa. Kwisha."

"Karani alitia sahihi kitabu cha tarishi," nikasema.

"Basi karani kaipoteza. Makarani hupoteza vitu, ndiyo kazi yao. Atatafuta kibarua kwingine. Yeye ni karani tu, wewe ni Komeo! Watu wamebatiza mbwa jina lako."

Aliona barua mezani, imefunguliwa. Akaitazama kama mtu anayetazama nyoka, akaigeuza kifudifudi kwa kidole kimoja.

"Sikuiona hiyo," akasema, akaondoka.

Mke wangu alikuwa anairudisha pini kichwani.

"Utasema hivyo?"

Ningependa kuandika hapa kwamba nilikataa papo hapo. Nilisema, "Sijui." Nilikuwa naiona kamati, wanahabari mlangoni, na mimi nikisema mbele yao kwamba Komeo, mzee wa daftari, alipewa barua akashindwa kuisoma. Nilijiona nimerudi siku ile ya winga wa hospitali.

"Mimi nimezalisha wanawake miaka thelathini," akasema mke wangu. "Lile neno la mficha uchi hazai, wengine wanalisema kwa mafumbo. Mimi nimeliona."

Akaenda jikoni.

Ofisi ya ligi ilikuwa ghorofa ya pili, chumba chenye meza ndefu ya kitambaa cha bluu na feni iliyozunguka bila kutoa upepo. Kamati ilikuwa ya watu watatu. Aliyekaa katikati alikuwa refa mstaafu, mzee wa rika langu, ambaye katika ujana wetu aliwahi kunitoa kwa kadi nyekundu.

"Komeo," akasema aliponiona. "Leo tena?"

"Leo tena, mzee mwenzangu. Ile ya kwanza bado siikubali."

Upande mmoja alikaa yule katibu mwembamba na faili lake. Upande wetu tulikuwa mimi, Mwenyekiti, na karani, aliyeitwa aje na kitabu chake cha tarishi. Alikuwa amekipakata mapajani kwa mikono miwili. Sijui kama Mwenyekiti alikuwa ameshamwambia chochote, lakini alikuwa na uso wa mtu aliyekwisha kuhukumiwa.

Swali la kwanza likawa lilelile.

"Barua yetu ya Jumanne iliwafikia?"

Mwenyekiti akakohoa. Karani akainamia kitabu chake. Nikasimama, goti likalia kama kawaida yake.

"Ilifika," nikasema. "Karani wetu aliipokea kwa sahihi, akanipa mkononi siku hiyohiyo, tena akajitolea kunisomea. Nilikataa. Nimekaa nayo kotini siku tano bila kuifungua. Imefunguliwa jana, na mke wangu."

Feni ilizunguka.

"Kwa nini hukuifungua?" akauliza refa mstaafu.

"Kwa kiburi. Na kwa macho. Sioni herufi ndogo, mwaka wa pili huu, na sikutaka mtu ajue."

Mwenyekiti aliufunika uso kwa kiganja. Upande wangu wa kushoto nikasikia karani akitoa pumzi ndefu, kama mtu aliyetua mtungi. Na mimi nikangoja aibu inimeze. Niliingoja kwa dhati. Haikuja. Nilichosikia ni wepesi mabegani, wepesi ule wa kuvua viatu vya mpira baada ya dakika tisini. Nikajiuliza kwa nini nilikuwa nimeubeba mzigo ule kwa miaka miwili, tena bila kulazimishwa na mtu.

"Basi amekiri!" katibu mwembamba akarukia. "Waheshimiwa, kuna haja gani ya kuendelea?"

"Nimekiri sikusoma," nikasema. "Sikukiri kwamba barua imesema kweli. Kadi ya dakika ya sabini na moja si ya Kinyozi. Ninalo daftari la mechi ile."

"Lisome," akasema refa mstaafu.

Nikalifungua. Nikanyoosha mkono, nikaunyoosha zaidi, nikarudisha kichwa nyuma.

"Mwongezeeni mkono huyo!" akasema katibu, na wanahabari mlangoni wakaangua kicheko.

Kitu kikanigusa kiwiko. Karani alikuwa amevua miwani yake ananipa. Ilikuwa ya rangi ya waridi, ina viua vidogo pembeni. Watu wakazidi kucheka. Nikaivaa. Jamani! Herufi zangu, zile nilizozisotea miaka sita kwenye kidawati, zikasimama mstari mmoja mbele yangu kama wachezaji wanaongoja kukaguliwa. Nikasoma yote, toka hamsini na nane mpaka sabini na moja. Lile neno la mpumbavu nililiruka.

"Hayo ni maandishi yake mwenyewe," akasema katibu. "Hata mimi nyumbani naweza kuandika kwamba tulishinda."

"Kweli," akasema refa mstaafu. "Leteni faili la mechi hiyo."

Faili likaletwa. Alipekua taratibu, akilowesha kidole, mpaka akachomoa kikaratasi kilichokunjamana kwa maji: ile fomu ndogo ambayo refa wa akiba huijaza kila mchezaji anapobadilishwa. Akaisogeza kwenye mwanga.

"Dakika ya hamsini na nane. Ametoka namba tatu, ameingia namba kumi na tano. Sahihi ya refa wa akiba ipo." Akamtazama katibu juu ya karatasi. "Mtu aliyetoka dakika ya hamsini na nane alimkwatuaje mtu dakika ya sabini na moja? Kwa miguu ya nani?"

Katibu akapekua faili lake haraka.

Walimpigia simu refa wa mechi ile, ambaye siku za kazi ni fundi wa friji. Sauti yake ilitoka ikiwa na mlio wa nyundo nyuma yake.

"Mechi ya mvua? Naikumbuka, mzee. Kadi nilimpa yule mrefu mwenye bendeji kichwani. Namba tatu."

"Mrefu?"

"Mrefu sana. Jezi ilikuwa imemwishia tumboni. Nilifikiri wamepunguza bajeti."

Wote tuliokuwa mle tulikuwa tunamjua Kinyozi. Akisimama kwenye ukuta wa kuzuia mpira wa adhabu, wapinzani hupiga pale alipo yeye. Mjumbe mmoja alicheka akajifanya anakohoa.

Katibu hakukata tamaa. Kwa hilo namheshimu. Alisimama, kidole juu. "Sawa! Basi kadi ni ya Mwashi. Na Mwashi akiwa na hiyo, anazo tatu! Na Jumamosi amecheza dakika tisini! Pointi ni zetu vilevile!"

Mwenyekiti wetu akanishika mkono wa koti. Alikuwa amegeuka kijivu kama bidhaa yake.

Mimi nilikuwa nazigeuza kurasa. Sikuwa na haraka. Jambo zuri la kuandika kila kitu ni kwamba siku ukilihitaji neno unajua lilipolala.

"Mechi iliyofuata ile ya mvua," nikasoma kupitia viua vya waridi. "Mwashi nje, kadi tatu. Amekaa jukwaani. Tumefungwa mbili. Mwenyekiti amenitukana."

Refa mstaafu akachomoa orodha ya wachezaji ya mechi hiyo. Aliipitia kwa kidole kutoka juu mpaka chini, kisha wale wa akiba.

"Hayumo," akasema. "Hata benchi hayumo." Akaiweka chini. "Sisi hatukuwaandikia kumhusu. Nani alikuamuru umkalishe?"

"Hakuna. Kanuni inasema kadi tatu, mechi moja nje. Haisemi mpaka uandikiwe."

"Na mkafungwa."

"Tukafungwa."

Halafu wakainamiana wote watatu, wakanong'onezana, haikuzidi dakika mbili. Mimi zilinitosha kukumbuka kila goli nililofungwa maishani.

"Malalamiko yametupwa," akasema. "Matokeo ya Jumamosi yanabaki. Ofisi hii itasahihisha kumbukumbu zake. Na wewe Komeo, kwa kupuuza barua ya ligi, unapewa onyo. Utaletewa kwa maandishi." Akakusanya karatasi zake. "Tafadhali uifungue."

Kwenye ngazi Mwenyekiti alinikumbatia mpaka vumbi la saruji likahamia kwangu. "Nilijua tu!" akawa anawaambia wanahabari. "Niliwaambia, daftari la mzee huyu ni benki!" Nilimwacha aseme. Mtu akifurahi usimdai ukweli wote siku hiyohiyo.

Karani alikuwa anashuka ngazi huku ameshikilia ukuta.

"Kocha," akasema, "miwani yangu. Sizioni ngazi."

Nikaivua nikampa. Akaivaa, akanitazama vizuri, nikaona macho yake yamejaa maji.

"Jana jioni Mwenyekiti alinipigia," akasema. "Asante, mzee wangu."

"Usinishukuru, binti. Kuanzia leo barua zote tunafungua pamoja, wewe unasoma, mimi natia alama daftarini. Na duka la miwani liko wapi?"

"Twende tu. Ila hii ya waridi imekukaa."

"Ishia hapohapo."

Tulipofika uwanja wa mazoezi, habari zilikuwa zimetutangulia. Wachezaji walikuwa wanakimbizana na ndoo za maji kama watoto wa shule siku ya kufunga. Mwashi alinibeba juu juu, nikamwamuru anishushe kwa kuwa goti halibebwi. Kinyozi peke yake hakuwa kwenye vurugu. Alikuwa ameweka kiti cha plastiki kivulini mwa ukuta wa stoo ya jezi, mashine yake ya kunyolea mkononi, waya umepitishwa dirishani.

"Kaa, kocha," akasema. "Umefuga msitu."

Nikakaa. Akanifunga taulo shingoni.

"Kocha, nikuulize. Uliwahi kufikiri kwamba nilikuwa nazo tatu kweli?"

"Kwa siku moja. Toka Jumamosi mpaka Jumapili asubuhi."

"Hata mimi," akasema. "Tangu Jumamosi sijala. Nilianza kumkumbuka kabisa yule mtu niliyemkwatua. Nikakumbuka na uso wake. Nikataka niende kumwomba radhi."

Nilicheka mpaka akaniambia nisitikisike. Mashine ikaanza kunguruma nyuma ya sikio langu, ya vuguvugu, kama paka. Wachezaji walikuwa wanapiga kelele mbali kidogo. Nikafikiri: hakuna anayeondoka. Mwashi atajenga chumba chake cha tatu. Karani atarudi mezani kwake. Nikayafumba macho ili niyapumzishe tu, maana tangu Jumamosi yalikuwa hayajafungwa sawasawa.

Nilipoamka uwanja ulikuwa kimya na jua limehama. Kinyozi alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani, mashine imezimwa mapajani.

"Kwa nini hukumaliza?"

"Ulianza kukoroma, kocha. Ungeamka ningejilaumu."

Nikajipapasa kichwa. Kulia kulikuwa laini kama kiganja. Kushoto msitu ulikuwa palepale. Alitaka kuendelea, lakini usingizi ulikuwa bado umenishika, na nilitaka kwenda nyumbani kumwambia mke wangu mwenyewe.

Alikuwa mlangoni. Alikuwa ameshaambiwa na majirani, niliona usoni. Hakusema hongera. Alinizunguka mara moja polepole, akatazama upande wa kulia, akatazama wa kushoto.

"Hii mechi imeahirishwa mapumziko?" akauliza.

"Kipindi cha pili kesho," nikasema, nikavua koti, nikalitundika, nikaingia kulala.